Kidosho wa Miezi Mitano

Msafara ulikuwa umeondoka kitambo, lakini gereji bado ilinuka moshi wa magari yale thelathini. Bi Stoo alikuwa akifuta meza ya kazi huku akibishana na mtangazaji wa redio, maana yeye akikosa mtu wa kupiga naye soga hubishana na chochote kilichowashwa. Mdogo wake, Fundi, alikuwa chali kwenye benchi la wateja, magoti juu, kama kombamwiko aliyepinduliwa. Mgongo ulimkamata asubuhi hiyo hiyo alipokuwa akitoka chini ya gari la binti yake, na tangu hapo kila akijaribu kuinuka alitaja majina ya marehemu wote wa ukoo.

"Dada, zima hiyo redio. Mgongo unasikia."

"Basi mgongo wako una masikio kukuzidi wewe."

Juu ya meza palibaki mpira wa breki wa zamani, wa kupitishia mafuta, ule waliouvua kwenye gurudumu la mbele la kushoto la gari hilo. Ulikuwa umepasuka ngozi na kukauka. Bi Stoo hakuwa mtu wa kutupa kitu bila kukisema kwanza. Akafungua droo, akachomoa mpira mpya wa aina hiyo, ili amwonyeshe mdogo wake jinsi viwanda vya siku hizi vinavyobania hata mpira. Akaiweka mipira hiyo miwili sambamba, ncha kwa ncha.

Ule wa zamani ulikuwa mrefu. Ulizidi kwa upana wa vidole viwili.

Akauvuta, akadhani umekunjika. Akaugeuza. Vidole viwili vile vile. Mtangazaji wa redio akacheka kwa jambo lake, na Bi Stoo akanyoosha mkono akaizima.

Kuelewa kwa nini vidole viwili vilimtisha inabidi kumjua Kidosho. Gari lenyewe lilikuwa na jina la kiwandani, herufi na tarakimu, ambalo hakuna aliyejisumbua kulikariri. Watu waliliita Kidosho tangu siku lilipoonekana barabarani, kwa sababu lilikuwa zuri na halikuwa na maringo ya bei. Milango miwili, boneti ndefu, mgongo uliolala kama wa paka anayenyemelea. Lakini chini ya urembo ule palikuwa na injini ya gari la kawaida la familia, la kubebea watoto na magunia. Waliotengeneza walichukua vitu walivyokuwa navyo, wakavivika nguo ya harusi. Ndiyo maana mwalimu aliweza kulinunua, na mkunga, na karani wa posta aliyekuwa bado anakaa kwao. Mtu alikuwa akitoka kazini na koti lake lile lile lililochanika kwapani, akiingia ndani ya Kidosho, majirani wanafungua madirisha.

Hao wa kwanza waliitwa Bibi. Baada ya miaka saba likaja toleo la pili, pana zaidi, zito kidogo nyuma, viti vinavyoweza kumpokea mtu mwenye mwili wake. Huyo akaitwa Mama. Kisha akaja Binti, wa taa zinazolala mchana na kufumbuka jioni, mwenye kasi na asiyesikia la mtu. Mwisho akaja Kitinda, toleo la nne, anayevutwa na magurudumu ya mbele, plastiki kila mahali, honi kama mbuzi aliyepaliwa. Bi Stoo alimdharau Kitinda hadharani kwa miaka kumi na nane. Baada yake kiwanda kikaacha kabisa, kikasema watu sasa wanataka magari marefu ya kupandia ngazi. Mwaka huu Kidosho alitimiza miaka hamsini, na wapenzi wake wote walikuwa wamekusanyika kuupanda mlima kwa mpangilio wa ukoo: Bibi mbele, Mama wanafuata, Binti nyuma yao, Kitinda mkiani.

Bi Stoo alikuwa ndiye kumbukumbu ya ukoo huo. Miaka thelathini na mmoja ndani ya stoo ya vipuri ya mdogo wake, na kila droo ameiandika kwa mkono wake: BIBI, MAMA, BINTI, KITINDA. Fundi akiwa chini ya gari hunyoosha mkono tu, hatazami. Anasema anachotaka, na dada yake anakitia kiganjani. Haijawahi kutokea akakosea. Na ndiyo maana asubuhi ile, mkono uliponyooka kutoka chini ya gari la binti yake na sauti ikasema, "Mpira wa breki, wa mbele," Bi Stoo aliangalia bodi ya gari, akaona mabega mapana ya Mama, akafungua droo ya MAMA. Hakukata hata hadithi aliyokuwa akiisimulia.

Sasa alikimbilia kabati la kadi. Mpwa wake alilinunua gari lile mwezi uliopita kwa mjane wa daktari wa meno, na kadi yake bado ilikuwa mpya. Namba ya bodi. Ilianza na saba.

"Mungu wangu," alisema polepole. "Ni mjamzito."

Fundi akageuza kichwa. "Nani tena? Dada, leo niachie mambo ya watu."

"Gari. Gari la mwanao ni mjamzito."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Kiwanda kilipokuwa kikimwandaa Binti, bodi yake ilichelewa lakini vyuma vyake vya chini vilikuwa tayari, na bodi za Mama zilikuwa zimejaa ghalani. Kwa miezi mitano wakavitia vyuma vya Binti chini ya bodi ya Mama. Kwa nje mama, tumboni binti. Yalitoka machache mno, namba zake zote zikianza na saba, na katika miaka yote hiyo Bi Stoo alikuwa ameyaona mawili tu. Magurudumu yake ya mbele yametokeza nje kidogo, basi na mpira wa breki nao ukarefushwa.

"Nimekupa mfupi," alisema. Angeweza kusema mpira ulikuwa mbovu. Angeweza kusema fundi alipaswa kutazama. Alikuwa hodari wa kupamba habari za wengine, lakini hii ilitoka bila chumvi. "Umeingia kwa sababu nyuzi za skrubu ni zile zile. Lakini ni mfupi."

Fundi alifumba macho. Alikuwa akiliona gurudumu kichwani mwake. "Ukienda moja kwa moja haudai kitu. Nimeijaribu hapa uwanjani, mbele na nyuma, breki imeshika vizuri. Lakini akikata usukani kulia mpaka mwisho..."

"Unavutika."

"Unavutika mpaka unang'oka kwenye shingo. Na mafuta yote yanamwagika." Akafumbua macho. "Wanashukia upande gani?"

Wote wawili walijua. Walikuwa wanapanda kwa barabara pana ya upande wa mjini, isiyo na shida, hadi kwenye mnara wa simu. Pale wanapumzika, wanapigwa picha. Kisha wanashuka kwa upande wa pili, wa kona sita zilizokunjwa kama utumbo, ukuta wa mwamba upande mmoja na hewa tupu upande mwingine. Kona ya tatu na ya tano zinakatwa kulia. Ya tano inaitwa Kiwiko, na huwezi kuimaliza bila kuzungusha usukani mpaka ukatae.

Bi Stoo alikuwa ameshapiga simu ya mpwa wake. Ikaita mara mbili ikapokewa na sauti ya mwanaume, mwenyekiti wa msafara.

"Mwenyekiti hapa."

"Mwenyekiti, nipe mpwa wangu. Gia. Sasa hivi."

Gia ndiye binti mwenyewe, mwalimu wa udereva, aliyepewa jina hilo akiwa mtoto kwa vile alikuwa halali mpaka ashike kichwa cha gia cha zamani.

"Bi Stoo, umesahau utaratibu? Simu za madereva zote ninazo kwenye kapu hapa ukumbini. Mwaka jana si unakumbuka aliyejipiga picha akamgonga Bibi wa watu."

"Mpigie mtu yeyote aliye juu."

"Hata ya mpiga picha ninayo," alisema Mwenyekiti, na fahari ikamwishia katikati ya sentensi. "Kuna nini?"

Bi Stoo alikata. Gereji ilikuwa na gari moja tu zima. Lilikuwa pembeni, chini ya turubai, likimsubiri mwenyewe aje kulichukua. Kitinda, wa rangi ya ndizi mbivu.

"Siwezi kuendesha," Fundi alisema kutoka kwenye benchi. "Mguu haukanyagi."

"Nani kakuomba?"

Alitia mkobani mpira mmoja kutoka droo ya BINTI, chupa ya mafuta ya breki, spana mbili. Akamsimamisha mdogo wake kwa kumkumbatia kama mzigo wa kuni, akampakia, akamfunga mkanda. Fundi hakutaja marehemu hata mmoja. Hilo ndilo lililomtisha dada yake kuliko yote.

Hakuwa ameshika usukani kwa miaka minne. Kitinda alitoka getini kwa kurukaruka, akaangusha ndoo, akaingia barabarani.

"Gia ya tatu," Fundi alisema. "Tatu, dada. Hiyo ni ya kwanza, inalia."

"Na mimi nalia. Nyamaza."

Barabara ya kupanda ilikuwa tupu. Wanawake wawili waliokuwa wakianika nguo kwenye ua waliinua mikono kuwapungia, wakidhani ni mchelewaji wa msafara. Kila alipofumba jicho aliona mkono wa mdogo wake chini ya gari, umenyooka, kiganja wazi, umemwamini. Kitinda hakusita hata kidogo mlimani. Alivuta kwa magurudumu yake ya mbele, aking'ang'ania lami, na Bi Stoo akakumbuka maneno yote aliyowahi kumsema.

Walipofika mnarani, msafara ulikuwa umeanza kushuka. Bibi wote walikuwa wamekwisha kupotea ukingoni. Mama wa mwisho alikuwa anaingia mteremko. Binti walikuwa wamejipanga foleni wakingoja zamu yao, taa zimefumbuliwa kwa mbwembwe ingawa jua lilikuwa kali.

Bi Stoo akawapita wote kwa kushoto, tairi moja kwenye majani.

"We Kitinda, nyuma," dereva mmoja alimpigia kelele dirishani. "Huna adabu kwa dada zako?"

"Tangulia tu, bi mkubwa, ukoo umekushinda," akadakia mwingine, na watu wakacheka.

Hawakuwa na muda wa kuwajibu. Kona ya kwanza. Ya pili. Barabara ilikuwa nyembamba, na mbele yao walikuwa Mama watatu, hakuna pa kuwapitia. Kutoka hapo juu waliweza kuona kipande cha barabara kilichokunjuka chini yao, na juu yake, Mama wa bluu akiikaribia kona ya tatu. Gari la Gia.

"Asikate yote," Fundi alinong'ona. "Asikate yote, mwanangu, ipanue."

Taa nyekundu za breki ziliwaka. Gari la bluu likajikunja kulia, polepole, pua yake ikatafuta mwamba, na kwa kitambo likabaki pale limeinama. Kisha likanyooka. Taa zikazima, zikawaka tena. Breki bado ilishika.

"Umeshikilia," alisema.

"Umeshaanza kuchanika," Fundi alisema. "Utakuwa umebaki na nyuzi. Kiwiko hautakivuka."

Bi Stoo akaikandamiza honi. Mbuzi akalia. Na papo hapo, mbele yao, Mama watatu wakajibu kwa furaha, paa, paa, na chini kabisa Bibi wakaitikia kwa sauti zao nene, na nyuma yao Binti wakafuatia. Mlima mzima ukawa harusi. Aliona mkono wa Gia ukitokeza dirishani na kupunga.

Alipiga tena, kwa muda mrefu. Wakajibu tena. Kila alivyozidi kuomba msaada ndivyo walivyozidi kumshangilia.

"Honi haimwambii kitu," Fundi alisema. "Honi leo ni wimbo."

Ndipo Bi Stoo alipokumbuka pedali. Gia alipokuwa mdogo, ndiye aliyekaa kwenye kiti cha dereva wakati baba yake akitoa hewa kwenye breki. Mashine ya upepo ilikuwa ikinguruma, hakuna anayesikia mwenzake, kwa hiyo Fundi alikuwa akigonga bodi kwa spana. Moja, kanyaga. Mbili, shikilia. Tatu, achia polepole. Na nne ilikuwa amri isiyohojiwa, ya siku mtu ameumia au jeki imeteleza: toa mguu, usiguse. Mtoto yule hakuwahi kuchelewa kwenye nne, hata awe anasinzia.

Akapiga honi nne, fupi, zenye nafasi sawa. Akasubiri. Nne tena. Akasubiri. Walio mbele walijibu ovyo, lakini yeye hakubadilisha. Nne. Kimya. Nne.

Gari la bluu lilikuwa limeshapita kona ya nne na kuingia kwenye mteremko mrefu unaoelekea Kiwiko. Taa zake za breki zilikuwa zinawaka, thabiti, kama macho mekundu. Nne. Kimya. Nne.

Taa zikazima.

Fundi akamgeukia dada yake kwa mwili mzima, mgongo au si mgongo. "Dada. Umemwambia atoe mguu kwenye breki."

"Ndiyo."

"Mteremkoni."

Gari la bluu lilikuwa limeanza kukimbia. Halikuwa na kitu cha kulizuia ila dereva, na dereva alikuwa ametii. Bi Stoo alitaka kupiga moja, kanyaga, kanyaga, na kidole chake kikasimama juu ya honi, maana kukanyaga nako ndiko kungekata uzi wa mwisho. Alikitoa kidole. Akakiuma.

Ndipo waliposikia injini. Kutoka kule chini ikapanda sauti kali, ya gia kushushwa kwa nguvu, halafu nyingine, kali zaidi. Gari la bluu likainamisha pua. Likahama taratibu kuelekea upande wa mwamba, likaegemea ukuta kwa ubavu, chuma kikalia juu ya jiwe, vumbi likapanda, na nyuma ya vumbi magurudumu ya nyuma yakafungwa na breki ya mkono. Lilikwenda hivyo kiasi cha urefu wa nyumba mbili. Kisha likasimama, hatua kumi kutoka Kiwiko.

Magari yote yaliyokuwa nyuma yake yakasimama. Bi Stoo alishuka na kuteremka kwa miguu, mkoba kifuani, viatu mkononi. Akamkuta Gia bado amekaa, mikono miwili hewani juu ya usukani, haigusi kitu.

"Shangazi," alisema bila kugeuka. "Nani ameumia?"

"Hakuna. Shuka, mwanangu."

"Nne ilikuwa ni nne kweli?"

"Ilikuwa nne kweli."

Gia akashuka, akajishika mlango. Ubavu wa gari ulikuwa umechubuka kuanzia taa hadi tairi la nyuma. Fundi alikuwa akishushwa mteremkoni na wanaume wawili waliombeba kama sofa, akiwaelekeza watazame gurudumu la mbele la kushoto. Mmoja akainama na tochi. Mpira ulikuwa umefunguka shingoni, nyuzi nyeupe zimetokeza nje, na tone moja la mafuta lilikuwa likining'inia halijaamua kuanguka.

Kisha, kama ilivyo kwa watu, wakaanza kumtafuta mwenye kosa.

"Nani alifunga huu mpira?" aliuliza yule aliyemwambia Bi Stoo kwamba ukoo umemshinda.

Fundi akafungua mdomo.

"Mimi nilimpa," Bi Stoo alisema mbele yake. "Yeye alifunga alichopewa. Nilitazama bodi, sikutazama namba. Nilikuwa naongea."

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wamewahi kukaa kwenye benchi lile la wateja, na wote walikuwa wamewahi kusimuliwa habari za wenzao, na habari zao kusimuliwa kwa wenzao.

Gia alimgeukia shangazi yake. "Ulikuwa unaongea habari za nani?"

Bi Stoo alivaa kiatu kimoja, kisha cha pili. "Zako. Na yule fundi saa."

"Nilijua tu," Gia alisema. Sauti yake ilitetemeka ikielekea kwenye kicheko, ikakwama njiani. Akafuta macho kwa mkono wa blauzi, akachukua jeki kutoka kwenye gari la nyuma, akaweka mawe chini ya magurudumu, na kwa kuwa baba yake hakuweza kuinama, akajilaza mwenyewe kwenye lami na kuingia chini.

Kazi ilichukua muda. Spana iligonga, ikanyamaza, ikagonga. Kisha mkono ukanyooka kutoka chini ya gari, umejaa grisi, kiganja wazi, kichwa hakionekani.

"Mpira wa breki, wa mbele."

Bi Stoo aliufungua mkoba. Akautoa mpira wa Binti. Akauokota chini ule uliochanika, akaiweka miwili sambamba ncha kwa ncha, mbele ya macho ya watu wote, akapima kwa vidole. Viwili. Akapima tena. Watu waliokuwa karibu walisogea kuona, na mmoja wao akamwuliza kuhusu fundi saa, kama ni yule mwenye duka karibu na posta au mdogo wake.

Bi Stoo alimpa mgongo. Aliutia mpira kiganjani mwa mpwa wake, akausindikiza kwa mkono wake mwingine, na hakuachia mpaka vidole vile vilipofunga.

Baadaye aliingia kwenye kiti cha dereva, akaweka mguu juu ya pedali, akategea sikio. Kutoka chini ya gari spana ikagonga bodi mara moja.

Akakanyaga.